Mchambuzi Aliyefungwa Kinywa

Juzi nilimwona kwenye televisheni yule mchambuzi wa mpira wa zamani, nywele nyeupe sasa, akisema tena kwamba timu yetu ya chuo imekwisha. Kwa mawazo nikarudi utotoni, mji wa ugenini wa Westerville, sebuleni kwetu, Jumamosi moja yenye harufu ya sombe, majani ya muhogo ya Mama. Kina mama wa maombi walijaa kwenye makochi wakisubiri mechi. Mchambuzi alivaa suti kama mchungaji wetu, kwa hiyo nilidhani naye anatoa unabii. Aliposema vijana wetu watapigwa vibaya, Mama aliruka.

"Huyu baba anatamkia batoto betu mubaya! Bon, tusimame!"

Wakasimama wote, mikono wameielekeza kwenye skrini. "Tunakataa! Kwa jina la Yesu, tunakataa!" Nami nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Tulishinda. Mchambuzi aliporudi akiwasifu vijana, niliamini tumemgeuza sisi.

Sasa najua analipwa kuongea, na kesho atasema lingine. Lakini juzi, kabla hajamaliza, nilikuwa nimeshasimama, mkono juu.

"Mama, hakusikii huyo," mwanangu akasema.

"Hakumsikia hata bibi yako, na tulishinda. Simama!"