Maneno ya Bibi Niliyoyameza Mbele ya Daktari

Jamani, mimi ndiye niliyemwangusha bibi yangu. Sikumsukuma, sikumgusa hata kwa kidole. Nilimwangusha kwa mdomo, na kosa ni langu, msinitafutie mtu wa kunisaidia kulibeba.

Niko kidato cha tatu, tunaishi Kihesa hapa Iringa. Nina aibu mbaya! Mwalimu akiuliza swali jibu ninalo, lakini kabla halijafika mdomoni limeshageuka kurudi tumboni. Dukani nasubiri wateja wote waondoke ndiyo niombe ninachotaka. Majirani wengine wanadhani sina sauti.

Bibi, mama yake baba, ni kinyume changu kabisa. Anaishi kijijini upande wa Igowole, na akija mjini mtaa mzima unajua. Kiswahili cha sokoni anakiweza, hasa cha kupunguziwa bei, lakini akianza habari za mwili wake anahamia kwenye Kihehe na harudi. Baba ni dereva wa lori, muda mwingi yuko njiani. Mama ni Mnyakyusa wa Mbeya, Kihehe chake kinaanza na salamu ya "kamwene" na kinaishia hapohapo. Kwa hiyo Bibi akienda kliniki ya presha, mkalimani ni mimi.

Likizo iliyopita alikuja kukaa kwetu, nikampeleka. Daktari alikuwa kijana, mgeni kutoka pwani, mpole, na niseme tu maana nimeshaanza kuungama, mzuri wa sura. Balaa likaanzia hapo.

Alipima presha akakunja uso. "Bibi, dawa unameza?"

Bibi akajiweka sawa kwenye kiti. Akaeleza kwa Kihehe kwamba vidonge aliviacha zamani. Vilikuwa vinamkojoza kama ng'ombe, mpaka Jumapili moja, katekista akiwa katikati ya mahubiri, mkojo ukamtoka palepale kwenye benchi. Akaonyesha kwa mikono ulivyotiririka! Akamalizia, "Mwambie hivyohivyo, mke mwenza. Na muulize kama ameoa."

Mke mwenza ni mimi, ndiyo utani wake na wajukuu.

Jamani! Pale palikuwa na pazia tu, nyuma yake wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi, na mimi nitamke neno mkojo mbele ya kijana wa watu?

Nikainamia viatu vyangu, nikasema kwa sauti ndogo, "Anasema anameza vizuri."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Bibi, ambaye masikio yake siku hizi yanachagua cha kusikia, akanigeukia. "Mbona mimi nimeongea sana, wewe umesema kidogo?"

"Kiswahili ni kifupi, Bibi."

Akakubali! Daktari naye akasema kama anameza kila siku na presha bado iko juu hivyo, basi dozi ni ndogo. Akaongeza dozi na kidonge kingine juu yake. Nilimwona anaandika. Nilijua kabisa anaandika uongo wangu. Ningeweza kumsimamisha, lakini nilikuwa nawaza tu tutoke mle ndani.

Njiani Bibi akaniuliza, "Umemwambia ya kanisani?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Amesema hizi mpya hazina shida hiyo."

Huo uongo wa pili niliutunga mwenyewe, hata hakuna aliyenibana. Nilifikiri nafanya la maana, kwamba sasa atameza dawa na kila mtu atafurahi.

Kweli akameza. Zote! Asubuhi na jioni, kama mtoto anayetaka sifa. Nikawa namwona anakimbilia chooni, khanga mkononi, anarudi anaguna, "Labda bado zinanizoea." Na majirani anawaambia, "Mjukuu wangu huyu kanisemea kwa daktari, ana akili." Nilikuwa nasikia hayo, natafuta chombo cha kuosha ili niwe mbali.

Asubuhi moja alikuwa amekaa kwenye kigoda uani anachagua maharage. Akainuka amfukuze kuku. Akayumba, akaanguka, paji la uso likagonga ngazi ya mlango.

Damu! Maharage yakatawanyika kila mahali. Mama alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. Tukampakia kwenye bajaji, mimi nimemshikia kitambaa kichwani, naye ananong'ona kwamba kuku yule achinjwe.

Hospitali tukamkuta daktari yuleyule. Presha ilikuwa imeshuka mpaka akaipima tena. Akamwambia mama kwamba hajaelewa. Huenda ni figo, huenda kuna kitu kichwani, ikibidi wampe rufaa ya hospitali kubwa kule Mbeya. Mama akaanza kulia, anampigia baba simu, mtandao unakatika.

Nilikuwa nimesimama kwenye kona. Nilijua si figo wala si kichwa. Mle ndani ni mimi peke yangu niliyekuwa najua.

"Daktari," nikasema. Hakunisikia. Nikasema tena, na safari hii hata nesi akageuka. "Nilikudanganya. Dawa alikuwa hamezi. Aliacha kwa sababu zilimkojoza kanisani, nikaona aibu kusema. Sasa anameza zote."

Nesi akageukia ukuta, lakini mabega yake nayaona yanacheka. Daktari hakucheka. Akaweka kalamu chini, akasimamisha vidonge vyote, akaagiza Bibi awekewe dripu. Kisha akaniambia, "Ungenyamaza, tungeutafuta ugonjwa usiokuwepo huku bibi yako anazidiwa." Akaishika kalamu tena. "Na mimi nimekosea. Mambo kama yale nilipaswa kumwita mtu mzima, na kumwambia Bibi aje na vidonge vyake nivione."

Mama hakuwa na upole huo. "We mtoto! Ungeniulia mama mkwe! Wahehe wangesema nini? Si wangesema Mnyakyusa kamlisha mkwewe sumu? Mimi msibani ningekaa wapi?" Alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja.

Aliyeniumiza ni Bibi. Alipopata nguvu aliniuliza nimesema nini, nikamweleza yote, ya kliniki na ya njiani. Akajifunika khanga mpaka kidevuni. Halafu akasema, "Nilikupa maneno yangu uyapeleke, ukayatupa njiani, ukapeleka yako."

Kliniki iliyofuata akamwomba nesi mmoja Mhehe amtafsirie. "Huyu akae nje," akasema, bila hata kuniita mke mwenza. Nikakaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani. Hiyo ndiyo gharama niliyolipa, na sijui kama mnaweza kuipima. Mtu aliyekuwa akinisifia mtaa mzima alimpa mgeni kazi yangu.

Mara nikasikia vicheko nyuma ya pazia. Nesi anacheka mpaka anakohoa. Kisha sauti ya Bibi, "Hebu mwiteni yule wa nje! Huyu hawezi, anacheka tu."

Nikaingia. Presha ilikuwa nzuri, dozi mpya aliyopewa akitoka wodini anaiweza, na kidonge cha mkojo sasa anakimeza mapema, Jumapili anakimeza akitoka kanisani. Bibi akasema alichotaka kusema, akanikazia macho. "Yote," akasema.

Uso uliniwaka moto. Nikamtazama daktari, siyo viatu. "Anasema siku hizi hakojoi tena kanisani. Ibada nzima anabaki mkavu. Anayetoka mbio kwenda kukojoa sasa ni katekista."

Daktari akacheka hadi akavua miwani. Kule nje kwenye mabenchi nako wakaangua kicheko. Na mimi sikufa, jamani!

"Na la mwisho," Bibi akasema. "Lile la siku ile hukumuuliza."

Nikamuuliza. Ameoa.

Wenzangu mnaowatafsiria bibi na babu zenu, nawaomba, msiwachagulie cha kusema. Aibu yenu isije ikawalaza watu hospitalini. Semeni yote yalivyo. Daktari kashasikia makubwa kuliko hayo, na kama hajasikia, basi aanzie kwa bibi yako.