Walisema Kobe haitengenezwi tena, lakini alternata yake ilikuwa na rangi ya kucha ya jirani

Alternata, kile kifaa cha kuchaji betri ya gari, ambayo shemeji yangu aliuziwa mwezi jana kama "ya mwisho, imetoka Dubai" ilikuwa na doa la rangi ya kucha. Zambarau yenye kumetameta. Rangi hiyo ni ya mke wa dereva mwenzake, nyumba ya tatu kutoka kwake.

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi niko Bujumbura, naishi Ngagara. Ninayoandika hapa nimeyaona mwenyewe au nimeambiwa uso kwa uso, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Majina ya watu nimebadilisha. Kampuni ya magari sitaitaja, maana sina kesi nayo. Kesi yangu iko karibu zaidi.

Nirudi nyuma kidogo ili tuelewane.

Shemeji yangu tunamwita Papa Divine. Amemuoa dada yangu mkubwa. Anaendesha teksi, parking yake iko Kamenge, upande wa hospitali kubwa. Gari yake ni ile ndogo ya Kijapani yenye mgongo wa mviringo, ambayo hapa kwetu inaitwa Kobe. Teksi nyingi za pale ni Kobe. Watoto wanne wanasoma kwa hiyo gari, na hakuna kazi nyingine nyumbani kwao.

Kama miezi minne iliyopita ilianza kuzunguka karatasi pale parking. Fotokopi ya Kifaransa, nembo ya kampuni juu.

Ilisema kampuni inaacha kutengeneza aina kadhaa za gari za essence, yaani petroli, ili iingie kwenye gari za umeme. Orodha ilikuwa na majina kama sita hivi. Kobe ilikuwa ya tatu, kwa jina lake la kiwandani.

Chini yake kulikuwa na maneno mengine: wenye Kobe wa Burundi wanaweza kuuza gari zao mapema, kabla pièces (spea) hazijakwisha, na wataandikwa kwenye orodha ya watakaopata gari za umeme kwa masharti nafuu. Wapeleke gari kwenye garaji fulani, mtaa wa Cibitoke.

Garaji yenyewe ni ya Fundi Jado, ambaye ametengeneza teksi za parking ile kwa miaka mingi. Mtu anayeaminika. Hata mimi nilimwamini.

Kazi yangu ni kuandika ripoti za mikutano, kwa hiyo karatasi naziangalia kwa jicho baya. Herufi za chini hazikuwa sawa na za juu. Na katikati ulipita mstari hafifu wa kijivu, ule unaotokea ukiweka karatasi mbili kwenye mashine ya fotokopi kana kwamba ni moja.

Nikamwonyesha shemeji.

"Shemeki, hii ni karatasi mbili zimeunganishwa. Ona huu mustari."

"We unaona mustari," akanijibu, "mi naona foleni ya essence. Juzi nimelala siku mbili ndani ya gari kwa kungoja lita kumi. Mutu akiniambia iko gari haikunywake essence, nitamuuliza mustari?"

Wanaoishi hapa mnajua foleni ninayoisema. Mtu aliyelala kwenye usukani siku mbili, ukimtajia gari ya umeme ni kama umemtajia paradiso.

Nikaingia mtandaoni kutafuta kama ni uongo. Wakuu, haikuwa uongo. Kampuni kweli ilitangaza kwamba inaacha aina kadhaa za gari ndogo za essence kwa sababu ya mipango yake ya umeme, na Kobe imo. Nilinyamaza wiki nzima, kwa aibu kidogo.

Wiki hiyo ndiyo Muzee Severin alipouza yake.

Huyu Muzee Severin ndiye jirani niliyemtaja mwanzoni. Ni dereva wa zamani kuliko wote pale parking, mpole, anasafisha viti vya gari yake kila Jumapili kabla ya misa. Aliipeleka Cibitoke, akapewa hela mkononi na karatasi ndogo yenye namba: kumi na nne. Yaani yeye ni wa kumi na nne kwenye orodha ya gari za umeme.

Tangu siku hiyo alikuwa anakuja parking kwa miguu, anakaa na wenzake, karatasi iko mfuko wa shati.

Walimchokoza sana.

"Muzee, hiyo ya umeme utaichaji wapi? Hata simu unachaji kwa jirani."

"Nitachaji kwa bibi yako. Kwake umeme haukatikake."

Wakacheka wote, na yeye akacheka. Lakini nilimwona anaigusa ile karatasi kila baada ya muda, kama mtu anayehakikisha ufunguo wa nyumba bado uko.

Siku moja nilirudia kuisoma ile habari ya mtandaoni, safari hii nikaangalia picha. Gari ya kwenye picha haikuwa Kobe yetu. Jina ni lile lile, lakini ile ni ndefu kwenda juu, nyuma imekatwa kama mkate. Ni toleo jipya, linalouzwa huko kwao. Toleo letu, hili la mgongo wa mviringo, liliachwa kutengenezwa kabla Divine hajazaliwa. Na Divine, mtoto wa shemeji, sasa anasoma sekondari.

Yaani kiwanda kilitutupa zamani, na hakuna aliyegundua, wala aliyelia. Pièces tunazonunua zinatoka kwenye gari zilizokufa Dubai na kwingineko, au ni za kuigiza. Kiwanda kikifungwa kesho asubuhi, kwetu hakibadilishi kitu.

Sasa mbona pièces zilikuwa zimepotea kweli?

Maana zilipotea. Nilizunguka mwenyewe maduka matatu ya spea, mawili Kamenge na moja Cibitoke. Kote jibu moja: za Kobe zimekwisha. Mama mmoja wa duka la pili alikuwa na muda wa kuongea.

"Mutu mumoja alikuja akabeba zote," akaniambia. "Hata zile za kuvunjika."

"Nani, mama?"

"Jina sijui. Alikuwa na mikono ya fundi." Akanionyesha kucha zake, akimaanisha ule weusi wa oili usiotoka. "Hakuuliza bei. Aliuliza tu kama iko zingine."

Mafundi mjini ni wengi, na mikono yao wote ni hiyo. Niliandika tu kwenye daftari langu na kuendelea na maisha.

Hapa inabidi niwaeleze desturi moja, kwa wasioijua.

Garaji zetu nyingi ni kiwanja tu chenye uzio wa mabati. Unaacha gari, unaondoka. Hofu ya kila dereva ni kubadilishiwa: unaacha kifaa kizima, unarudi unakuta kilichochoka. Kwa hiyo wake za madereva wanaweka alama. Wanatumia rangi ya kucha, kwa sababu inavumilia joto na oili. Kila nyumba ina rangi yake na hawaingiliani. Mama Aline, mke wa Muzee Severin, ana saluni ndogo. Yake ni ile zambarau ya kumetameta. Dada yangu ni kijani, kwa sababu anasema hakuna mwanamke mwenye akili atakayeinunua kwa ajili ya kucha.

Na kifaa kipya kikiingia kwenye gari, kinapakwa siku hiyo hiyo kikifika nyumbani.

Basi mwezi jana alternata ya Papa Divine ikafa. Akapeleka gari kwa Fundi Jado. Ikakaa siku tatu. Jado akamwambia amepata moja tu, ya mwisho, imetoka Dubai, na akaongeza kwamba huko mbele hali itakuwa mbaya zaidi, afikirie kuuza. Papa Divine alirudi nyumbani ameshafikiria. Alimwambia dada yangu kwamba Ijumaa ataipeleka. Hata aliiosha.

Nilikuwepo pale uani dada alipotoka na kichupa chake. Hata kama gari inauzwa, alisema, kifaa kipya lazima kipakwe. Akafungua boneti, akainama.

"Kaka, kuya uone," akaniita. "Iko mutu alinitangulia."

Doa lilikuwa upande unaotazama injini, chini ya vumbi. Dada alikwangua kwa ukucha wa kidole gumba. Likameta.

Tukamwita Mama Aline. Aliangalia, akarudi kwake. Tulidhani amekasirika. Akaja na kichupa cha saluni, akapaka tone moja pembeni ya lile la zamani. Hakuna tofauti, rangi ile ile.

"Ni mi nilipaka," akasema. "Ona hapa, mukono ulitetemeka. Siku ile mutoto alikuwa analia."

Muzee Severin alikuwa amesimama nyuma yetu. Yeye aliambiwa na Jado kwamba gari yake imevuka mpaka nzima nzima, imenunuliwa na mfanyabiashara wa Uvira, Kongo. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua kama imepata mtu mzuri.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Cibitoke watatu: Papa Divine, Muzee Severin na mimi.

Fundi Jado hakubabaika. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Alifuta mikono kwa kitambaa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Muzee, ile gari uliniuzia ama uliniazima?"

"Nilikuuzia."

"Basi nimeiba nini?"

"Ulisema imeenda Uvira," akasema Papa Divine. "Na kwangu ukasema Dubai."

"Papa Divine, we pia. Mu Buja hapa kila kitu kimetoka Dubai. Ni namna ya kusema."

Nikamuuliza nani aliandika ile sehemu ya chini ya karatasi. Akasema alipewa kama sisi tulivyopewa. Na nani? Na patron, yaani bosi. Patron ni nani? Atakuja, hayuko. Wakati anaongea, lango la mabati nyuma yake lilikuwa wazi kiasi. Nilihesabu migongo mitano ya mviringo, haina plaki za namba. Alifuata macho yangu, akalisukuma lango kwa kisigino bila kugeuka.

Kisha akamgeukia shemeji yangu, kwa upole kabisa. "Fikiri muzuri. Ijumaa patron anafunga orodha. Baada ya pale utauza Kobe yako kwa kilo, kama vyuma."

Ni hapo Muzee Severin alipotoa karatasi yake mfukoni. Aliikunjua taratibu, maana ilishaanza kuchanika kwenye mikunjo.

"Jado, mi ni wa kumi na ine," akasema. "Yule wa kwanza ni nani? Nataka tu kumuona."

Fundi akaangalia ile karatasi. Akasema kuna gari inamngoja. Akaingia ndani.

Ijumaa ilipita. Papa Divine hakupeleka gari. Wengine wawili wa parking walipeleka, pamoja na kwamba tuliwaeleza yote. Mmoja aliniambia nina wivu kwa sababu sina gari.

Sasa niwe mkweli kuhusu ninachojua na nisichojua. Gari za umeme zipo, mbili tatu nimeziona hapa mjini. Tangazo la kampuni ni la kweli. Muzee Severin aliuza kwa hiari yake na hela alipewa. Ukienda kushtaki, utashtaki nini? Sijui kama patron yupo. Sijui kama aliyebeba spea zote madukani ndiye Jado. Sina ushahidi, nina daftari tu.

Nilichojifunza ni kwamba habari ya kweli inaweza kufanya kazi ya uongo vizuri kuliko uongo wenyewe. Mtu akikuletea tangazo la kiwanda cha mbali, soma, hakikisha, halafu uliza swali la Muzee Severin: wa kwanza ni nani? Na picha uiangalie. Mimi nilichelewa wiki nzima kwa kutoangalia picha, na ndiyo wiki aliyouza. Hilo bado linaniuma.

Ningeishia hapo, ila kuna jambo la juzi Jumapili.

Dada aliamua kukagua alama zake zote. Kumbukeni gari ilikaa kwa Jado siku tatu. Alama za kijani zilikuwa tano. Redieta ipo. Betri ipo. Kabureta ipo. Pampu ya maji ipo.

Ya tano ilikuwa kwenye démarreur, ile stata ya kuwashia injini. Alama haipo. Chuma kisafi, hakuna hata kivuli cha kijani.

Papa Divine akampigia Fundi Jado simu, akaweka spika tusikie. Jado akasema aliiosha tu kwa essence, tumsamehe.

Dada yangu akatazama simu, akamtazama mumewe.

"Essence hii tunayolalia foleni siku mbili," akasema, "yeye anaosha nayo démarreur?"

Simu ikakatika. Inaweza kuwa mtandao.

Gari inawaka, kwa sasa. Asubuhi inachukua mara mbili au tatu kuwaka. Wakuu wenye Kobe, hasa mlio Bujumbura na Uvira mliobadilisha stata karibuni: fungueni boneti, tazameni karibu na skrubu ya juu. Mkikuta doa la kijani, huenda ndiyo stata ya shemeji yangu; andikeni hapa chini mlinunua kwa nani. Wenye uzoefu mwingine na mambo kama haya nao wanikosoe, nasoma kila comment.