Jedwali la Zaina na Masanduku ya Fishi

Ipo siku moja, mwanangu Zaina, ambayo kila ninapoikumbuka hukaa wima kitini kana kwamba mkuu wangu angali mlangoni. Nilikuwa karani mpya katika biro, ofisi ya kuandikisha vizazi hapa Kasongo, na nilikabidhiwa kazi ya kupanga upya masandukuni fishi za watoto, zile kadi za kumbukumbu zao. Njia zilikuwa tatu: kwa majina, kwa vijiji au kwa miaka. Nilizilinganisha majuma mengi, nikachora michoro kwa rula, mwishowe nikachagua majina. Ndivyo ilivyofanywa katika miji mikubwa, nami nilitaka mkaguzi akija anisifu.

Akaja mama mmoja kutoka Lusangi. Binti yake alihitaji cheti cha kuzaliwa ili aandikishwe kwa egzame, mtihani wa shule, na orodha ilikuwa ikifungwa alasiri hiyo. Nawe wajua desturi yetu: mtoto ana jina la dini, ana la babu, na ana la nyumbani. Alilolitaja mama halikuwamo katika masanduku yangu.

“Bwana karani,” alisema, “mimi nilimuzaa Lusangi, mwaka ile daraja ilivunjika. Unataka nini tena?”

Kijiji alikijua. Mwaka aliujua. Mimi nilidai jina.

Mkuu wangu, Mzee Sumaili, akatoka ofisini mwake, akayatazama masanduku, kisha akamtazama mama. “Kijana, masanduku yako iko mazuri kama bibi harusi. Sasa muulize huyu mama kama anaona ule uzuri.”

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mama hakucheka.

Fishi niliipata kesho yake, chini ya jina la babu. Binti alikaa nyumbani mwaka mzima. Wapo wanaosema hadi leo kwamba fishi ile ilipotea. Nakataa! Haikupotea. Niliiweka mimi, kwa mkono wangu, mahali ambapo mama wa binti asingeweza kunielekeza. Kumbukumbu na ziandikwe sawasawa.

Sasa nimelisoma jedwali lako, mstari kwa mstari. Unatengeneza ukurasa wa mtandao ambamo wazazi wa Salamabila wataona kama cheti kiko tayari kabla ya kupanda pikipiki kuja huku. Kazi njema, nami naionea fahari. Umelinganisha maktaba za JavaScript, ile lugha ya kompyuta, yaani msimbo ambao wengine wamekwisha kuuandika nawe utajengea juu yake: React, Vue, Svelte, na jQuery ya zamani. Umeandika ipi ina sifa nyingi, ipi ina mifano ya kupendeza. Jana ukaniambia, “Baba mukubwa, hii ndiyo wote wanatumia sasa.” Wote akina nani, mwanangu? Mama wa Salamabila yumo?

Sikukemei, naliona kosa langu likitafuta mtu mwingine wa kulirithi, na sitaki awe wewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Tengeneza ukurasa uleule mdogo kwa kila maktaba. Chukua simu ya bei ndogo, yenye kioo kilichopasuka, uende mahali mtandao unapokatika. Mpe mzazi aishike yeye, wewe unyamaze. Angalia ni upi unaofunguka kabla hajakata tamaa, na ni katika upi anaweza kutafuta cheti kwa yale anayoyajua. Kisha mwonyeshe msimbo mwenzako atakayeutunza siku utakapohamishwa. Asipouelewa, hesabu hilo pia. Na ikionekana kwamba JavaScript tupu, bila maktaba yoyote, inatosha, usione haya kuitumia. Ongeza safu hizo katika jedwali lako, uzitangulize mbele ya sifa zote.

Mwenyezi Mungu akupe subira ya kuuliza kabla ya kuchagua, aibariki mikono yako na macho yako yanayochoka mbele ya kioo cha kompyuta, na kila mzazi atakayefungua ukurasa wako amwone mtoto wake humo.