Foleni ya Magunia kwenye Jumba la Vinyago

Sogea nikusimulie, msomaji, unicheke. Miaka ile wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuingia Newala, nilisanifu jumba la vinyago, refu, lenye vidirisha vya juu ili jua lisipasue mpingo. Nilihofia halitapata mtu. Siku ya ufunguzi nikakuta foleni hadi barabarani, kila mtu na gunia la korosho. Nikadhani ni zawadi, nikahutubia kwa madaha habari za mwanga na kuta. Wakapiga makofi.

“Mwanangu, tumekusikia,” akasema mama aliyetangulia foleni. “Mizani iko wapi?”

Kumbe walidhani jumba refu lile ni ghala la wanunuzi; nikakiri kwamba hili si ghala, ndani mna vinyago tu.

“Basi tuvione. Haya magunia tumeyabeba tangu kijijini Makote.”

Wakaingia wote, jumba likajaa hadi jioni. Ukijenga jumba, weka kibao mlangoni kabla ya kuandika hotuba.