Shampoo ya Mbwa wa Marehemu

Mbwa alikuwa wa mume wangu. Mimi kazi yangu ilikuwa kumwekea mabaki ya ndizi na kuendelea na mambo yangu. Mume wangu alipofariki, na watoto wakarudi Mwanza na Dodoma baada ya matanga, tulibaki wawili pale kijijini Songambele. Mimi ndani, yeye nje. Siku nzima ingeweza kupita sijasikia sauti yangu mwenyewe.

Kisha akaanza kunuka na kujikuna. Nikachukua sabuni ya unga niliyofulia mashuka, nikamwogesha nayo kwa haraka. Kesho yake tumbo lilikuwa jekundu, na manyoya ya mgongoni yakawa yananyonyoka. Niliona aibu kama niliyempiga.

Jirani yangu mfugaji alipopita na ng'ombe wake nilimwonyesha.

"Mwalimu, nitakupa dawa yetu ya kuogeshea ng'ombe," alisema. "Kifuniko kimoja tu kwenye ndoo."

"Na akijilamba?"

Alicheka. "Sijui. Ng'ombe hajilambi sana."

Sikuichukua. Nilimpigia mwanangu wa kwanza. Alisema, "Mama, niko kwenye kikao, nitakupigia." Siku hiyo hakupiga.

Asubuhi iliyofuata nilipanda basi dogo hadi Kayanga. Katika duka la vipodozi walinipa shampoo ya watoto wachanga, yenye harufu nzuri mpaka nikatamani kuinunua. Lakini nilikuwa nimeshakosea mara moja, nikaona bora niulize kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji alikuwa binti mwenye kilemba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka kitu cha kumwogesha mbwa kisichomdhuru."

"Ana umri gani?"

Sikujua.

"Ana vidonda? Ameshawahi kupata chanjo?"

Vidonda, hapana. Chanjo, sikujua. Aliyeyajua hayo yote alikuwa mtu mmoja, na sikuwahi kumuuliza. Nikasema tu, "Ni wa marehemu mume wangu." Binti akatoa chupa mbili.

"Hii ina dawa, sitakupa kabla mtaalamu hajamwona. Chukua hii ya kawaida. Ni ya mbwa, haina manukato. Ya binadamu hapana, hata ya watoto, ngozi ya mbwa si kama yetu. Ya ng'ombe usithubutu, akijilamba itamwingia tumboni. Mpake kidogo mguuni kwanza, usubiri hadi kesho. Pasipowasha, mwogeshe mwili mzima kwa maji ya uvuguvugu, macho na masikio uyakwepe. Suuza mpaka povu liishe kabisa. Nani atakusaidia kumshika?"

"Niko peke yangu."

Nilisema kwa kawaida tu, lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nikilirudia neno hilo.

Mguu haukuwasha. Siku ya pili, jua lilipopanda, niliweka beseni uani nikaita, "Njoo." Hakunyanyuka. Nikakumbuka mume wangu hakuwahi kumsemesha Kiswahili. Nikaita kwa Kinyambo, kwa namna yake, "Ija hanu!"

Mbwa aliruka juu. Alitazama nyuma yangu, kwenye mlango, akangoja. Hakutoka mtu. Nilikaa chini kwenye majani makavu ya migomba nikalia, jambo ambalo hata msibani sikulifanya vizuri kwa sababu ya wageni. Baadaye kidogo akaja mwenyewe, akasimama karibu na beseni.

Nilimwogesha taratibu, nikimweleza kila ninachofanya: sasa mgongo, sasa tumbo, vumilia. Ndoo tatu za kusuuzia. Wekundu uliisha baada ya siku kadhaa, na mtaalamu wa mifugo alipopita kijijini alimchoma chanjo.

Jumamosi moja nikiwa namwogesha, mama mmoja wa kwaya alichungulia uani.

"Nimekusikia ukiongea, nikadhani una wageni."

"Sina," nilimjibu. "Karibu ndani, kahawa ipo."

Alisema ana haraka, atapita siku nyingine. Nikachukua ndoo, nikaendelea kusuuza.