Kiganja cha Bibi Afya

Bibi afya alizunguka visiwa vyote kwa kazi ya serikali, lakini Jumamosi akiwa Mwanza ilikuwa ya akina mama wauza dagaa, aliowafundisha kuogelea bure. Alikuwa akimlaza mtu majini, kiganja chini ya mgongo, huku akipaza sauti: "Piga miguu, mama! Mamba keshakula jana!" Halafu anakitoa kimyakimya, na mtu anaelea bila kujua. Mumewe, mwoga wa maji, alibaki mchangani akiwashikia kanga.

Jumamosi ya kwanza baada ya matanga ya mkewe, mzee alikwenda kuwaambia mafunzo yameisha.

"Shikamoo babu! Leo kanga zitajishika zenyewe," akina mama wakamshika mkono, wakamvuta majini.

"Na mamba je?"

"Keshakula jana!" wakajibu wote.

Akakubali. Viganja vikamshika mgongoni. Akapiga miguu, maji yakaruka, akacheka kwa sauti. Alipogeuza macho, akina mama walikuwa mbali, wanapiga vigelegele.