Sufuria la Nyuma

Juzi hapa Ruangwa, kwenye banda la mama ntilie karibu na stendi, dada mmoja mgeni alisema hagusi nyama, samaki, mayai wala maziwa.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Siumwi, mama. Nimeamua tu."

Benchi zima tukaacha kutafuna. Mama alifunua masufuria ya mbele: kuku, samaki, mchicha wenye dagaa. Akashika kiuno. "Basi sina chakula."

"Na lile la nyuma?"

Mama akalitupia kanga upesi. "Hicho chetu wenyewe. Si cha mgeni."

Dada alishainuka, akachungulia: mbaazi, na kisamvu kilichoungwa kwa karanga. Akapiga makofi. "Mama! Mbaazi, majani, karanga! Ndivyo vyakula daktari alivyoniambia nisivikose, maadamu sili nyama!"

Akala sahani mbili. Sisi wa kuku tukaanza kupiga kelele, "Mama, na mimi nionjeshe!" mpaka sufuria likakwanguliwa.

Mbaazi tunalima wenyewe, magunia kwa magunia, halafu tunaona haya kumpakulia mgeni. Hata siku ile haya haikuisha. Dada alipoaga, mama alimshika mkono, akamnong'oneza:

"Ila kwenu waambie nilikupa kuku."